Kupunguza si Kukata: Vitenzi Virai vya Kiingereza vya Kupungua na Kudhoofika, na Namna ya Kuvifasiri kwa Kiswahili

Utangulizi

Katika ukurasa huu wa lugha na tafsiri tunachukua tatizo moja linalowasumbua wanafunzi wetu na kulichambua kwa mifano. Safari hii tumechagua kundi dogo la vitenzi vya Kiingereza ambalo kwa macho linaonekana jepesi, lakini kila muhula linaharibu tafsiri nyingi. Ni vitenzi kama "cut down", "die down", "wear off", "fade away" na "tail off". Vyote vinazungumzia kitu kinachopungua, kinachopoteza nguvu au kinachoelekea kwisha.

Kilichotusukuma kuandika ni tukio lililotokea Gitaza, kwenye mwambao wa ziwa Tanganyika kati ya Bujumbura na Rumonge. Mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, ambaye kwao ni huko, alikuwa nyumbani kwa likizo. Bibi mmoja jirani yao, aliyekuwa amevimba miguu, alirudi kutoka kwa daktari mgeni akiwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kwa kuwa kijana amesoma chuo kikuu, aliletewa aisome. Karatasi ilikuwa na sentensi mbili tu: "Cut down on salt. Do not cut out the tablets when the swelling goes down." Kijana akafasiri papo hapo: "Kata chumvi. Usikate vidonge uvimbe ukienda chini."

Bibi akatii. Chumvi aliiacha kabisa, hata chakula kikamshinda. Vidonge alivimeza siku chache, kisha uvimbe ulipopungua akavifungia sandukuni. Haukupita muda miguu ikavimba tena, na mara hii hata pumzi ilimbana. Alipoulizwa na muuguzi kwa nini ameacha dawa, alishangaa. "Mwanangu," alisema, "karatasi ilisema nisivikate. Sikukata hata kimoja. Nilipoona miguu imepona niliacha tu kumeza."

Tunashukuru kwamba alitibiwa akapata nafuu. Lakini kijana alipokuja kutusimulia hakuwa anacheka, nasi hatukucheka. Alikuwa amefaulu vizuri somo letu la tafsiri. Alijua maana ya "cut", alijua maana ya "down" na ya "out", na vidonge anavijua. Hatukuwa tumemfundisha jinsi maneno hayo yanavyobadilika yakikaa pamoja. Makala hii inajaribu kulipa deni hilo.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Burundi

Mwanafunzi wetu wa Kiswahili hana lugha moja kichwani. Nyumbani anazungumza Kirundi, shuleni amefundishwa kwa Kifaransa, na tangu katikati ya miaka ya 2000 Kiswahili na Kiingereza vimeingia katika ratiba ya shule za msingi. Mwaka 2007 nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Tangu hapo barua, matangazo, maelekezo ya dawa na ripoti za miradi zinazidi kuja kwa Kiingereza, na anayetakiwa kuzieleza kwa watu wa kawaida mara nyingi ni mhitimu wa idara kama yetu.

Mwambao wa ziwa una sababu ya ziada. Toka Buyenzi mjini Bujumbura hadi Rumonge na kuendelea kusini, Kiswahili ni lugha ya soko, ya bandari na ya mitumbwi kwa miaka mingi. Wapo pia ndugu zetu waliorudi kutoka makambi ya Tanzania, ambao watoto wao walikulia katika Kiswahili. Huku mfasiri akisema "uvimbe ukienda chini", watu watamwelewa kwa heshima tu. Hawatamsahihisha, kwa sababu yeye ndiye msomi. Kosa la mtu anayeheshimiwa halipingwi na mtu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Gitaza yenyewe inajua vizuri habari za vitu vinavyopungua na visivyopungua. Iko katika tarafa ya Muhuta, kati ya milima mikali na maji. Mwezi Machi 2015 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu, yakabomoa nyumba na kuikata barabara ya Rumonge. Miaka ya karibuni ziwa nalo limepanda, na mwaka 2024 maji yaliingia katika makazi mengi ya mwambao. Katika hali kama hizo tangazo linalosema "wait until the water goes down" si zoezi la darasani.

Kiingereza hufanyaje

Kitenzi kirai cha Kiingereza ni kitenzi cha kawaida kilichofuatwa na kijineno kama "down", "off", "away", "out" au "back", na vyote viwili vikatoa maana moja. Maana hiyo mara nyingi haipatikani kwa kujumlisha maana ya kila neno peke yake. Hata hivyo vijineno havikai ovyo. Katika uwanja huu wa kupungua kila kimoja kina tabia yake.

"Down" huonyesha kwamba kiasi, nguvu au kasi imeshuka, lakini kitu bado kipo. Ndiyo maana "slow down" ni kupunguza mwendo, si kusimama, na "cut down" ni kupunguza, si kuacha.

"Off" huonyesha kitu kinachobanduka au kinachoachana na mahali kilipokuwa kimeshika. Maumivu, ganzi au ulevi "wear off", yaani humtoka mtu kidogo kidogo. Mauzo "fall off" au "drop off", yaani huachana na kiwango chake cha awali.

"Away" huonyesha kwenda mbali polepole mpaka kitu kisionekane au kisisikike. Sauti ya injini ya boti inayoelekea Rumonge "dies away".

"Out" hupeleka jambo mpaka mwisho wake. "Die out" ni kutoweka kabisa, "phase out" ni kuondoa hatua kwa hatua mpaka kisibaki kitu, na "cut out" ni kuacha kabisa.

"Back" hurudisha kitu kwenye kiwango kidogo cha zamani. Mradi uliopanuka sana ukipunguzwa, Kiingereza husema "cut back" au "scale back".

Mwanafunzi asidhani kwamba "up" daima ni kuongezeka. Mvua isiyopungua "does not let up", na mtu anayeambiwa apunguze ukali anaambiwa "ease up". Hapa "up" inashiriki katika kupungua. Jambo hili peke yake linatosha kuonyesha kwamba kufasiri kijineno kwa "juu" au "chini" ni kujitafutia ajali.

Kwa ufupi, Kiingereza huchukua kitenzi kimoja na kukibebesha vijineno mbalimbali. Habari kuhusu kiasi cha kupungua, na kama kitu kimebaki au kimekwisha, imo ndani ya kijineno.

Kiswahili hufanyaje

Kiswahili hakina vijineno hivyo. Kazi hiyo hufanywa kwa njia tatu: kwa kuchagua mzizi wa kitenzi, kwa kubadilisha kauli, na kwa kuongeza maneno kama "polepole", "kidogo kidogo", "kabisa" au "hatua kwa hatua". Kati ya njia hizi, ya kwanza ndiyo muhimu zaidi. Katika Kiswahili kitu kinachopungua ndicho kinachochagua kitenzi chake. Upepo una kitenzi chake, rangi ina chake, homa ina chake na biashara ina chake.

Baada ya tukio la bibi tuliwapeleka wanafunzi wa mwaka wa pili Gitaza kwa siku moja. Hatukuwapa kamusi. Tuliwaambia wakae na wavuvi, na akina mama wanaoanika dagaa, na wenye maduka, wasikilize na kuuliza. Haya tunayoyapanga hapa chini ni mchanganyiko wa waliyoyasikia huko na yaliyomo katika Kiswahili sanifu.

(a) Ziwa, upepo na mvua

Mwanafunzi mmoja alimwuliza mvuvi mzee: "Mzee, mnangoja upepo ufe chini ndipo mtoke?" Mzee akamtazama, akajibu kwa upole: "Mwanangu, tunangoja utulie." Upepo hutulia au hukatika. Mawimbi hulala. Ziwa lililochafuka hutulia. Kwa hiyo "the wind died down" ni "upepo ulitulia", wala kifo hakimo.

Mvua ina ngazi zake. Kwanza hupungua, au hupungua nguvu, kisha hubaki manyunyu, na mwisho hukatika, hupusa au huanuka. Mfasiri akikutana na "the rain eased off" achague ngazi ya kwanza. Akikutana na "the rain has stopped" achague ya mwisho. Kwa mtu anayeishi chini ya mlima wa Gitaza, tofauti kati ya mvua iliyopungua na mvua iliyokatika ni tofauti kati ya kubaki alipokimbilia na kurudi nyumbani.

Maji ya ziwa hupungua, hushuka au huteremka, na watu husema pia kwamba maji yamerudi. Neno "kupwa", ambalo wanafunzi wetu hulipata katika vitabu vya pwani, ni la bahari inayojaa na kupwa kila siku. Ziwa Tanganyika halina mwendo huo. Kupungua kwake ni kwa misimu na kwa miaka. Mfano mkubwa unaojulikana ni wa mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1870 ziwa lilikuwa limejaa mno, kisha maji yakafungua njia yake upande wa magharibi kwa mto Lukuga, na katika miaka iliyofuata uso wa ziwa ukashuka kwa mita kadhaa. Kueleza jambo la namna hiyo tunasema "maji yalishuka". Tukisema "maji yalikupwa" msomaji wa Ujiji atashangaa.

(b) Moto, mwanga, sauti na rangi

Moto hupungua, kisha hubaki makaa, kisha huzimika. Mwanga na sauti hufifia. Karabai ikiishiwa mafuta mwanga wake hufifia, na wimbo wa wavuvi wanaotoweka gizani hufifia vilevile. Rangi ya kitambaa hupauka kwa jua, huchujuka kwa maji na hufubaa kwa uzee. Kiingereza kinaweza kutumia "fade", "fade away" au "fade out" kwa yote haya. Anayeandika "kitenge kimefifia" ataeleweka, lakini mama wa sokoni atasema "kimechujuka", na hapo hapo utajua kwamba kilifuliwa mara nyingi.

(c) Mwili na ugonjwa

Hapa ndipo tunaomba uangalifu mkubwa. Homa hushuka. Uvimbe hupungua au hunywea. Maumivu hupungua, hutulia au hupoa. Mwili hudhoofika, viungo hulegea, ngozi husinyaa. Ganzi humtoka mgonjwa, na ulevi humtoka mlevi. Kwa hiyo "the drug has worn off" haina uhusiano na kuvaa wala kuvua. Ni "dawa imekwisha nguvu". Mtazame jinsi Kiswahili kinavyopenda kusema kwamba ganzi, ulevi au usingizi "umemtoka" mtu. Hapo tunakutana na Kiingereza njiani, kwa kuwa "off" nayo ina picha ya kitu kinachobanduka. Mara chache kama hizi picha za lugha mbili hufanana, na mfasiri azitumie akizipata, ila asizitegemee kuzipata.

(d) Bei, biashara na kazi

Bei hushuka, na huku kwetu utasikia pia "imeteremka". Biashara hudorora, uchumi huzorota, mapato hupungua au hudidimia. Samaki wakipungua sana wavuvi husema wameadimika. Neno hili ni zuri kwa sababu halisemi tu kwamba idadi imeshuka, bali kwamba kukipata kitu kumekuwa shida. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Maandishi ya Kiingereza kuhusu mambo kama haya yamejaa vitenzi virai. "Catches have fallen off" ni "mavuno ya samaki yamepungua". "Stocks have been run down" ni "samaki wamevuliwa mno hata wamekaribia kwisha". "To phase out small-meshed nets" ni "kuondoa hatua kwa hatua nyavu zenye matundu madogo". Mvuvi akiambiwa nyavu "zitapunguzwa" wakati sheria inasema zitaondolewa, atanunua nyingine ya namna ile ile, na hasara itakuwa yake.

Kazini kuna "lay off", yaani kupunguza wafanyakazi. Mtu husema "nimepunguzwa kazini", na kila mtu anaelewa kwamba mshahara wake haukupungua, bali yeye mwenyewe ndiye aliyeondoka. Hapa "punguza" yetu imepata maana ya ziada ambayo mgeni anaweza kuikosa.

(e) Maneno na msimamo wa mtu

Hasira hupoa au hushuka. Mtu aliyekuwa mkali kisha akaogopa "hunywea", na hilo ni jibu moja zuri la "back down" pale mtu anaporudi nyuma kwa hofu. Akirudi nyuma kwa hiari au kwa busara tunasema "amelegeza msimamo". "Tone down" ni kupunguza ukali wa maneno. "Play down" ni kulifanya jambo lionekane dogo kuliko lilivyo. "Water down" ina neno lake la jikoni, "kuzimua", yaani kutia maji ili kupunguza ukali au moto wa kitu. Chai kali huzimuliwa, maji ya moto ya kuoga huzimuliwa. Kwa sheria au ripoti iliyopunguzwa nguvu, "kuzimua" yaweza kutumika kwa mafumbo, lakini "kulegeza" au "kupunguza makali" litapokelewa na wasomaji wengi zaidi.

Jamaa tatu zenye hatari

Tunapendekeza mwalimu afundishe vitenzi hivi kwa jamaa, kitenzi kimoja na vijineno vyake vyote kwa pamoja, ili mwanafunzi aone tofauti uso kwa uso.

Jamaa ya "die". "Die down" ni kupungua nguvu: moto, upepo, kelele, hasira. "Die away" ni kufifia mpaka kusikika kukome. "Die out" ni kutoweka kabisa: desturi, aina ya mnyama, ukoo. "Die off" ni kufa mmoja baada ya mwingine. Kwa hili la mwisho Kiswahili kina "kupukutika", neno la majani yanayoanguka mtini, ambalo hutumika pia kwa viumbe wanaokufa kwa wingi. Katika jamaa nzima, "kufa" kwa maana yake ya kawaida kumo katika kitenzi cha mwisho tu, na kidogo katika cha tatu.

Jamaa ya "wear". "Wear off" ni kwisha nguvu au kumtoka mtu. "Wear out" ni kuchakaa kwa nguo au mashine, na kuchoka kabisa kwa mtu. "Wear down" ni kudhoofisha kidogo kidogo kwa kusumbua. "Wear away" ni kulika au kumomonyoka, kama ukingo wa barabara ya Gitaza unavyolika kwa mawimbi upande mmoja na kumomonyoka kwa mvua upande wa pili. Hapa methali yetu "bandu bandu huisha gogo" inafaa sana kumweleza mwanafunzi. Inaeleza mwendo wa "wear away" na wa "whittle away" kuliko maelezo marefu ya kisarufi.

Jamaa ya "cut". "Cut down" ni kupunguza, isipokuwa ikitajwa miti, ambapo ni kukata na kuangusha. "Cut back" ni kupunguza matumizi au shughuli, na kwa mimea ni kupogoa. "Cut off" ni kukata kabisa au kutenga, kama kijiji kinapotengwa na barabara iliyoporomoka. "Cut out" ni kuondoa au kuacha kabisa. Bibi wa Gitaza aliumizwa na jamaa hii. Mfasiri alitumia "kata" mara mbili, akafuta tofauti ambayo daktari aliiweka makusudi kati ya "down" na "out". Baya zaidi, "kukata vidonge" kwa Kiswahili ni maneno kamili yenye maana yake, yaani kuvigawa vipande. Sentensi haikusikika kama kosa. Ilisikika kama agizo lingine.

Makosa matatu tunayokutana nayo

Kosa la kwanza ni tafsiri ya neno kwa neno, nalo tumekwisha kulieleza. Dalili yake ni neno "chini" lisilokuwa na kazi: "poa chini", "tulia chini", "punguza chini". Mwanafunzi aliyeandika "punguza" amekwisha kushusha, hahitaji kushusha tena.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Mwanafunzi anayeogopa kukosea hutumia "pungua" kwa kila kitu. Kifaransa kinampa "diminuer" na Kirundi kinampa "kugabanuka", na vyote viwili vinachukua eneo pana. Ndipo anaandika "upepo umepungua, sauti imepungua, rangi imepungua, mgonjwa amepungua". Hilo la mwisho ni hatari, kwa sababu "mgonjwa amepungua" humaanisha amekonda, wakati alichotaka kusema ni kwamba ugonjwa umepungua.

Kosa la tatu ni la kauli. Kiingereza chaweza kutumia umbo moja kwa anayepunguza na kwa kinachopungua: "he slowed down the boat", "the boat slowed down". Kiswahili hakikubali hivyo. Nahodha hupunguza mwendo, mwendo hupungua. Daktari hutuliza maumivu, maumivu hutulia. Njaa hudhoofisha mwili, mwili hudhoofika. Tunasikia kila siku "mvua imepunguza" au "bei imepunguza", na msikilizaji anabaki akingoja kuambiwa imepunguza nini. La ajabu ni kwamba Kirundi kina utaratibu huo huo: "kugabanya" kwa anayepunguza, "kugabanuka" kwa kinachopungua. Mwanafunzi akikumbushwa lugha ya mama yake, kosa hili huondoka haraka kuliko akipewa jedwali la kauli.

Aidha, isisahaulike kauli ya "kupungukiwa" na "kuishiwa", ambapo anayetajwa ni mtu aliyepatwa na upungufu. "We are running low on petrol" ni "tunapungukiwa na petroli". "We have run out of petrol" ni "tumeishiwa petroli". Mwenye boti katikati ya ziwa anajua kwamba hizi si sentensi mbili zenye maana moja.

Mwongozo mfupi kwa mfasiri

Kabla ya kufungua kamusi, mfasiri ajiulize maswali manne.

1. Ni kitu gani kinachopungua? Jibu lake ndilo litakalochagua kitenzi.

2. Je, kitu kimebaki au kimekwisha? Kikibaki, tuko katika kupungua, kushuka, kutulia. Kikiisha, tuko katika kukoma, kutoweka, kuacha kabisa.

3. Kuna anayekipunguza, au kinapungua chenyewe? Hapo ndipo kauli huamuliwa.

4. Msikilizaji atafanya nini baada ya kusikia? Kama sentensi ni agizo la dawa, la sheria au la dharura, mfasiri aisome tafsiri yake kwa mtu mwingine na kumwomba aeleze atakavyotenda. Kijana wetu angemwuliza bibi, "Sasa miguu ikipona utafanya nini?", angegundua kosa kabla ya bibi kufunga sanduku.

Zoezi

Fasiri sentensi zifuatazo. Majibu tunayopendekeza yako chini yake, lakini msomaji ajaribu kwanza.

1. The noise in the market died down at noon.
2. He toned down his letter.
3. They cut back the leaves of the oil palm.
4. The old custom is dying out.
5. The swelling has gone down, but the pain has not worn off.
6. She cut down on sugar last year; this year she has cut it out.

Majibu: 1. Kelele za sokoni zilitulia adhuhuri. 2. Alipunguza ukali wa barua yake. 3. Walipogoa mchikichi. 4. Desturi ile ya zamani inatoweka. 5. Uvimbe umepungua, lakini maumivu hayajaisha. 6. Mwaka jana alipunguza sukari. Mwaka huu ameiacha kabisa.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kiingereza huweka habari za kupungua katika kijineno, wakati Kiswahili huziweka katika mzizi wa kitenzi na kauli yake. Kwa hiyo mfasiri hapaswi kutafuta neno la "down" au la "off". Atafute kitenzi ambacho wenye lugha wamekizoea kwa kitu kile kinachopungua. Tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam tulifundishwa kuheshimu kamusi, na heshima hiyo tunayo bado. Lakini kamusi hutoa vitenzi vitano kwa mstari mmoja bila kusema kipi ni cha upepo na kipi ni cha rangi. Hilo tuliambiwa na wavuvi na akina mama wa dagaa.

Ile karatasi ya daktari ilipaswa kusomwa hivi: "Punguza chumvi. Usiache kumeza vidonge hata uvimbe ukipungua." Ni maneno manane tu, na hakuna lolote gumu ndani yake. Kijana wetu amekwisha kumwandikia bibi maneno hayo kwa herufi kubwa, na mjukuu wake humsomea.

Tunawaomba wasomaji walio Rumonge, Nyanza-Lac, Uvira, Kigoma na kwingineko kando ya ziwa watuletee maneno wanayotumia kwa vitu vinavyopungua: upepo, samaki, homa, bei, sauti. Yatakayofika tutayachapisha katika toleo lijalo, pamoja na mahali yalikosikika.